AKILI UNDE NA MAHOJIANO YA KAZI: MASHINE IULIZE, WEWE UJIBU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika toleo hili nimepewa nafasi ya kuandika somo, nami nimechagua jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya darasani, lakini ambalo litatubishia hodi punde tu tutakapovua sare za shule. Jambo lenyewe ni mahojiano ya kazi, na namna ya kujiandaa kwa kutumia akili unde.

Huenda ukasema, "Ah, mambo ya kazi yanatuhusu nini sisi? Bado tuko shule." Yanatuhusu sana. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, na KCSE yetu ni mwaka wa 2027. Baada ya hapo kuna watakaokwenda chuo na kuna watakaoanza moja kwa moja kile kinachoitwa mtaani kutarmaki, yaani kuzunguka na bahasha ya vyeti ukitafuta kazi. Hata yule wa chuo naye atatarmaki siku moja. Isitoshe, wengi wetu tuna kaka na dada nyumbani ambao wanatarmaki wakati huu, na wakiitwa mahojiano wanatuuliza sisi wadogo, "Hebu nionyeshe hii kitu ya akili unde inafanyaje."

Jibu langu ni fupi, nami nitalitoa mapema ili usichoke kulingoja: mashine iulize, wewe ujibu. Wengi hufanya kinyume cha hayo. Wao huuliza, mashine ikajibu, kisha wakayakariri majibu hayo. Nitaeleza kwa nini njia hiyo haifai, halafu nitaonyesha njia ifaayo hatua kwa hatua.

1. MAHOJIANO YA KAZI NI KITU GANI?

Darasani tunayajua mahojiano kama aina ya insha. Katika karatasi ya 102/1 swali la kwanza ni la lazima, nalo hutoka katika insha za kiuamilifu: barua rasmi, wasifukazi, ripoti, mahojiano na nyinginezo. Ukiandika insha ya mahojiano, wewe ndiwe mhoji na wewe ndiwe mhojiwa. Unajiuliza swali unalolijua, halafu unajijibu jibu ulilokwisha kulipanga. Raha iliyoje!

Mahojiano ya kazi si hivyo. Una upande mmoja tu. Upande wa pili umekaliwa na jopo la watu usiowajua, na hujui watauliza nini. Jopo lina maswali mengi, lakini ukiyachunguza yote yanatafuta mambo matatu. Kwanza, je, huyu anaiweza kazi hii? Pili, ataifanya kwa bidii na uaminifu? Tatu, tutaweza kukaa naye kazini vizuri?

Kwa hivyo mwenye kujiandaa hahitaji mtu wa kumwandikia insha. Anahitaji mtu wa kukalia kile kiti cha pili amuulize maswali. Zamani ungemwomba mwalimu, mjomba au jirani aliyewahi kufanya kazi ofisini. Mpaka leo hao ndio bora. Lakini si kila mtu ana mjomba wa ofisini, na hata aliye naye hawezi kumwamsha saa nne za usiku. Hapo ndipo akili unde inapopata kazi.

2. AKILI UNDE HUFANYAJE KAZI?

Jina akili unde linatokana na kitenzi kuunda. Wenzetu wa Tanzania hupenda kusema akili mnemba, na wako wanaosema akili bandia. Yote ni mamoja. Programu iliyoifanya izungumzwe na kila mtu ni ChatGPT, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI ya Marekani tarehe 30 Novemba 2022. Google nao wana yao iitwayo Gemini, na ziko nyingine.

Watu wengi hudhani ndani ya programu hizi kuna kitu kama ensaiklopidia kubwa, kwamba ukiuliza inafungua ukurasa na kusoma. La hasha. Programu hizi zililishwa maandishi mengi mno, zikajifunza kukisia neno gani hufuata jingine. Chukua mfano. Nikisema "Haba na haba," wewe utamalizia papo hapo, "hujaza kibaba." Hukufungua kitabu. Umeyasikia maneno hayo mara nyingi hata ulimi unajua njia yake. Mashine nayo huenda kwa mtindo huo, neno baada ya neno, ila imesoma maandishi mengi kuliko binadamu yeyote.

Sasa tazama matokeo yake kwa mwombaji kazi.

(a) Jibu la mashine ni jibu la wengi. Ukiiuliza, "Kwa nini tukupe kazi hii?" itakupa yale ambayo watu wengi wameyaandika kuhusu swali hilo: ninajituma, ninapenda kufanya kazi na wenzangu, ninajifunza haraka. Si uongo, ila mwombaji wa pili aliye kwenye foleni amepewa hayo hayo, na wa tatu pia. Hebu jitie katika nafasi ya mwanajopo. Tangu asubuhi amesikia wimbo mmoja kutoka kwa waimbaji tisa.

(b) Mashine haikujui. Haijui ulisomea wapi wala umefanya nini, mpaka uiambie. Usipoiambia haikai kimya. Inajaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli, maana kazi yake ni kuendeleza maneno.

3. MFANO: KARANI WA STOO

Nitatoa mfano ninaoujua vizuri kwa sababu ulitokea kwetu nyumbani. Dada yangu alisomea ununuzi na ugavi katika chuo cha kiufundi. Baada ya kumaliza alitarmaki mwaka mzima na miezi. Kisha akaitwa mahojiano ya kazi ya karani wa stoo katika kampuni moja inayouza vifaa vya ujenzi. Alikuwa na siku nne za kujiandaa. Kwetu sisi hilo halikuwa jambo dogo. Mama huuza mboga, na pesa zangu za chakula cha mchana shuleni zilikuwa zimekwisha kuwa deni.

Simu iliyotumika ilikuwa ya dada, na akaunti yake. Nasema hivi makusudi kwa wenzangu wa miaka kumi na sita: masharti ya ChatGPT yanataka mtu awe ametimiza miaka 13, na aliye chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya mzazi au mlezi.

Usiku wa kwanza dada aliiomba mashine imwandikie majibu. Ikamwandikia haraka, kwa Kiingereza kitamu cha kupendeza. Jibu moja lilisema kwamba aliongoza kundi la watu 12 na kupunguza hasara ya stoo kwa asilimia 30. Dada alilisoma kwa sauti. Mama, aliyekuwa akichambua sukuma wiki, akauliza bila hata kuinua kichwa, "Na wakikuuliza hao watu kumi na wawili walikuwa kina nani?"

Dada yangu hajawahi kuongoza hata watu wawili. Mashine haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa imeandika jibu ambalo karani wa stoo wa kwenye maandishi angelitoa. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Swali moja tu la mwanajopo, kama lile la Mama, lingetosha kuyaangusha maneno yote hayo.

Basi tukabadilisha utaratibu. Hizi hapa hatua, nazo unaweza kuzitumia kwa kazi yoyote.

4. HATUA ZA KUJIANDAA

Hatua ya kwanza: Kusanya yako kabla ya kuwasha simu. Chukua karatasi uandike mambo sita au saba ambayo umeyafanya kweli. Yanaweza kuwa ya masomoni, atachmenti, kanisani au msikitini, kwenye timu, hata dukani kwenu. Usidharau dogo. Aliyewahi kutunza pesa za chama cha darasa bila shilingi kupotea ana jambo la kusema.

Hatua ya pili: Isome tangazo la kazi kwa makini. Pigia mstari kila kitenzi. Tangazo la dada lilisema kupokea mizigo, kuhesabu, kutunza kumbukumbu, kutoa bidhaa. Kando ya kila kitenzi andika lile ulilolifanya linaloingiana nacho. Mahali palipobaki wazi ndipo pa kujifunza zaidi.

Hatua ya tatu: Iweke mashine kwenye kiti cha jopo. Hapa maagizo yako ndiyo mwalimu. Dada aliandika maneno kama haya: "Wewe ni mwanajopo unayeajiri karani wa stoo katika kampuni ya vifaa vya ujenzi nchini Kenya. Tangazo la kazi ni hili. Niulize swali moja tu, ungoje nijibu. Jibu langu likiwa la juu juu, nichimbe kwa swali jingine. Usinipe jibu. Usinisifu."

Maneno mawili ya mwisho yana maana. Programu hizi hupenda mno kusifu. Ukiandika jibu hafifu itakuambia ni zuri sana kisha ikupe marekebisho kwa upole. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Afadhali ikubane nyumbani kuliko ubanwe mbele ya jopo.

Hatua ya nne: Jibu kwa sauti, si kwa kuandika tu. Programu nyingi siku hizi zinasikiliza sauti. Kama bando halitoshi, acha mdogo wako akusomee swali, wewe ujibu ukiwa umekaa wima kwenye kiti, mikono ikiwa imetulia. Mdomo nao unahitaji mazoezi.

Haya ni baadhi ya mazoezi ya dada. Yalifanyika kwa Kiingereza kwa kuwa mahojiano yenyewe yangekuwa ya Kiingereza, nami nimeyaandika upya kwa lugha yetu.

MASHINE: Tueleze kuhusu wakati ulipogundua kosa katika hesabu ya bidhaa.

DADA: Nilipokuwa atachmenti katika stoo ya hospitali niligundua hesabu haziendi sawa, nikarekebisha.

MASHINE: Ulijuaje kwamba haziendi sawa?

DADA: Kadi ya stoo ilionyesha katoni 14 za glavu, lakini kwenye rafu zilikuwa 12.

MASHINE: Ulichukua hatua gani kwanza?

DADA: Nilihesabu mara ya pili. Halafu nikapitia vocha za kutolea bidhaa za wiki ile, nikapata moja ya katoni 2 zilizopelekwa wodini ambayo haikuwa imeandikwa kwenye kadi.

MASHINE: Je, uliibadilisha kadi wewe mwenyewe?

DADA: La. Nilimwonyesha msimamizi vocha, akaidhinisha, ndipo nikaandika na kutia sahihi.

Tazama jibu la kwanza, kisha tazama la mwisho. Yote yalikuwa kichwani mwa dada tangu mwanzo. Mashine haikumpa hata neno moja. Ilimuuliza tu mpaka akayatoa. Na hakuna mwombaji mwingine aliyeweza kuwa na jibu lile, maana hakuna mwingine aliyezihesabu glavu zile.

Hatua ya tano: Lipange jibu kwa kanuni ya HAJUHAMA. Wataalamu wa mahojiano hufundisha kwamba jibu la swali la "tueleze kuhusu wakati fulani" liwe na sehemu nne. Ili tusisahau, mimi nimezifupisha hivi:

HA – Hali: mambo yalikuwaje? (Kadi ilisema 14, rafu ilisema 12.)
JU – Jukumu: wewe ulitakiwa kufanya nini? (Kuhakikisha kadi na bidhaa zinalingana.)
HA – Hatua: ulifanya nini hasa? (Nilihesabu tena, nikapitia vocha, nikamwarifu msimamizi.)
MA – Matokeo: ikawaje? (Tofauti ikaelezeka, kadi ikasahihishwa kwa idhini.)

Jibu la namna hii halipaswi kuzidi dakika mbili. Sehemu ya Hatua ndiyo iwe ndefu kuliko nyingine, na utumie "mimi" pale ulipofanya wewe. Ukisema "tulifanya, tulifanya" jopo halitajua wewe ulikuwa wapi.

Hatua ya sita: Fanya mazoezi ya maswali mabaya pia. Kuna maswali ambayo humtoa mtu jasho, hasa sisi wasichana: "Umeolewa? Una mpango wa kupata mtoto karibuni?" Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua mtu kwa sababu ya jinsia, ujauzito, dini, ulemavu, asili yake na mengineyo, na inamlinda hata yule ambaye bado anaomba kazi. Lakini kuijua sheria ni kitu kimoja, na kujibu kwa adabu moyo ukidunda ni kingine. Dada aliiambia mashine imuulize swali hilo kwa ghafla katikati ya mengine. Mara ya kwanza alinyamaza kabisa. Mara ya tatu alisema kwa utulivu, "Nashukuru kwa swali lako. Hakuna jambo katika maisha yangu ya nyumbani litakalonizuia kufika kazini kwa wakati na kuifanya kazi hii." Akaendelea.

5. TAHADHARI

Kila chombo kina upande wake wa kukata. Zingatia haya manne.

Kwanza, usiamini habari za mashine bila kuzithibitisha. Inaweza kukutajia mwaka ambao kampuni ilianzishwa, au jina la mkurugenzi, na yote yakawa ya kubuni, tena kwa lugha ya kujiamini. Habari za kampuni zitafute kwa kampuni yenyewe. Kwa kazi za serikali, wanajopo huweza kuuliza kuhusu Katiba ya mwaka wa 2010: maadili ya kitaifa yako katika kifungu cha 10, na kanuni za utumishi wa umma katika kifungu cha 232. Usiyachukue hayo kutoka kwa mashine. Fungua Katiba yenyewe usome.

Pili, linda siri zako. Ukiiweka tawasifu yako kwenye programu, ondoa kwanza nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, PIN ya KRA na mahali unapoishi. Mashine haihitaji hayo ili ikuulize maswali. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, lakini mlinzi wa kwanza wa habari zako ni wewe.

Tatu, kumbuka kwamba mashine hurithi makosa ya waliotangulia. Mwaka wa 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon ya Marekani ilikuwa imejaribu kuunda programu ya kuchuja maombi ya kazi, kisha ikaiacha. Programu hiyo ilifunzwa kwa maombi yaliyopelekwa kwa kampuni hiyo kwa miaka 10, na mengi yalikuwa ya wanaume. Basi ikajifunza kupendelea wanaume, hata ikawa inashusha alama za karatasi zenye neno linaloonyesha mambo ya wanawake, kama vile chama cha wanawake. Hakuna aliyeiambia ibague. Iliyaona ya jana ikadhani ndiyo ya haki. Kwa hivyo mashine ikikuambia kwamba kazi fulani "haimfai" mtu kama wewe, usiondoke na neno hilo.

Nne, usiipeleke mashine chumbani mwa mahojiano. Mahojiano mengine hufanyika kwa simu au kompyuta, na wako wanaosoma majibu kwenye kioo huku wakijifanya wanafikiri. Macho huwasaliti. Na hata yasipowasaliti, kazi itaanza Jumatatu, na pale stoo lori likifika hakuna wa kukunong'oneza.

6. SIKU YENYEWE

Siku ya mahojiano waombaji walikuwa tisa, na jopo lilikuwa la watu watatu. Dada alitusimulia yote jioni ile. Kati ya maswali aliyoulizwa, matatu yalifanana na yale aliyofanyia mazoezi, likiwemo lile la kosa la hesabu. Alilijibu kwa glavu zake.

Lakini swali kubwa halikuwa katika mazoezi hata kidogo. Mwanajopo mmoja alimsukumia karatasi tatu juu ya meza: oda, hati ya kupokelea mizigo, na ankara. Zote zilisema mifuko 200 ya saruji. Akamwambia, "Lori liko getini. Umehesabu, ukapata mifuko 196. Dereva ana haraka. Fanya kazi yako."

Dada alisema angehesabu tena dereva akiwa amesimama pale. Wakikubaliana kuwa ni 196, angeandika kwenye hati kwamba zimepokewa 196, wote wawili watie sahihi, na hapo hapo amwarifu msimamizi kabla lori halijaondoka. Kisha angempelekea mhasibu nakala ili ankara isilipwe kama ya mifuko 200, hadi muuzaji arekebishe. Mwanajopo akauliza, "Na dereva akikataa kutia sahihi?" Dada akajibu kwamba lori halingetoka mpaka msimamizi afike.

Nilimuuliza dada alilitoa wapi jibu hilo. Akasema, "Si nilifunzwa chuo, na atachmenti nilikuwa naona kila siku." Basi kumbe faida ya zile siku nne haikuwa kuyajua maswali. Alikuwa amezoea kuulizwa jambo asilolitarajia, akatulia, akaenda kulitafuta katika yale anayoyajua mwenyewe. Aliyekuja na majibu ya kukariri asingepata mahali pa kuyaweka karatasi zile tatu zilipowekwa mezani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Baada ya wiki mbili alipigiwa simu. Walimchukua kwa miezi mitatu ya majaribio. Mshahara wa kwanza ulilipa deni langu la chakula cha mchana, ndiyo maana siku hizi sijifichi tena kengele ya saa saba inapolia. Hata hivyo, sitaki uondoke na wazo kwamba anayefuata hatua hizi lazima apate kazi. Nafasi ilikuwa moja na waombaji tisa. Wale wanane waliorudi nyumbani si wajinga, na pengine miongoni mwao wako waliojiandaa vizuri vile vile. Maandalizi hayaongezi idadi ya kazi nchini. Yanachofanya ni kuhakikisha kwamba wewe halisi ndiwe uliyeonekana na jopo, si mtu wa kubuniwa.

7. KISWAHILI KINAINGIA WAPI?

Naam, hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, na mwalimu wetu angeniuliza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kazi nyingi ni za kuhudumia watu: hospitali, hoteli, duka, ofisi za kaunti. Jopo likitaka kujua kama utamhudumia mama mzee aliyekuja na shida, linaweza kugeuza lugha ghafla. Nimewaona watu waliosoma sana wakikwama hapo, wakichanganya mpaka sentensi haina kichwa wala miguu. Kwa hivyo fanya mazoezi kwa lugha zote mbili. Na ukiitumia mashine kwa Kiswahili, iwe macho: wakati mwingine huchanganya ngeli, au hutafsiri Kiingereza neno kwa neno. Hapo wewe mwanachama wa Chama cha Kiswahili ndiwe mwalimu, mashine ndiyo mwanafunzi.

ZOEZI

1. Andika mambo sita uliyowahi kuyafanya kweli ambayo ungeweza kuliambia jopo. Usitie chumvi.

2. Chagua moja kati ya hayo ulipange kwa kanuni ya HAJUHAMA, kisha ulisome kwa sauti huku mwenzako akitazama saa. Lisizidi dakika mbili.

3. Andika maagizo ya kuiambia akili unde ikuhoji kwa kazi ya mhudumu wa mapokezi katika hospitali. Hakikisha umeikataza kukupa majibu.

4. Mwanajopo anakuambia: "Tueleze udhaifu wako mmoja." Jibu kwa ukweli, na useme unafanya nini kuurekebisha. (Jibu la "udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi" halitasahihishwa.)

5. Soma kifungu cha 232 cha Katiba. Taja kanuni tatu za utumishi wa umma, na kwa kila moja toa mfano kutoka shuleni mwetu.

Asiye na simu nyumbani asijali. Chama hukutana kila Ijumaa saa kumi jioni baada ya masomo. Tumekubaliana kwamba muhula ujao wanachama watapeana zamu za kukalia kiti cha jopo. Njoo na karatasi yako ya swali la kwanza, nasi tutakuuliza.